Udongo Ulioingia Ndani

Historia ya choo cha paka cha ndani husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya kijana wa Marekani aliyetajirika kwa kuuza udongo. Hadithi hiyo ni ya kweli, lakini inampa sifa mtu asiyestahili peke yake. Ushahidi unaonyesha kwamba paka hakujifunza lolote jipya. Binadamu ndiye aliyejaribu kitu hiki na kile mpaka akakubali kumwingizia ndani ardhi ambayo mnyama huyo ameijua tangu enzi za mababu zake. Na anayetaka leo kumzoesha paka wa nje kujisaidia ndani hana budi kuanzia hapo.

Paka wa nyumbani asili yake ni kimburu, paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, ambaye mpaka sasa anawinda panya kwenye mbuga zetu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 uliwarudisha paka wa kufugwa wa dunia nzima kwenye ukoo wa kimburu wa Mashariki ya Karibu. Huko Kipro limefukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi iliyopita ambamo paka alizikwa karibu na mtu. Wanyama hawa walisogea wenyewe kwenye makazi ya wakulima wakifuata panya waliovutwa na nafaka, na tabia ya kuparua ardhi laini na kufukia kinyesi walikuja nayo. Kwa maelfu ya miaka hakukuwa na haja ya kuwatengenezea choo, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, kama ulivyo hadi leo katika nyumba nyingi za pwani yetu.

Haja ilikuja pale milango ilipofungwa. Katika miji ya nchi za baridi watu waliweka ndani sinia la mchanga, udongo au majivu ya jiko. Paka walivikubali vyote hivyo, na jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa: aliyeona tabu ni mwenye nyumba. Januari 1947, katika mji mdogo wa Cassopolis, jimbo la Michigan, mama mmoja aliyekuwa akitumia majivu alichoshwa na nyayo nyeusi sakafuni, na mchanga wake nje ulikuwa umeganda kwa baridi. Akaenda kuomba mchanga kwa jirani yake, Edward Lowe, aliyekuwa akifanya kazi na baba yake ya kuuza unga wa mbao na chembe za udongo mkavu wa kufyonza mafuta kwenye sakafu za karakana. Lowe akampa udongo ule. Mama akarudi kutaka mwingine. Lowe alipopeleka mifuko ya ratili 5 dukani ili kila mmoja uuzwe kwa senti 65, mwenye duka hakuona nani angenunua, maana mchanga ulikuwa rahisi mno. Lowe akamwambia aigawe bure kwanza. Waliopewa walirudi na pesa. Mwaka 1990 kampuni yake iliuzwa kwa takribani dola milioni 200.

Kuna atakayesema kilichoshinda ni biashara pamoja na maisha ya maghorofani, wala si maumbile ya paka. Miji inaeleza kwa nini watu walitaka paka akae ndani, lakini haielezi kwa nini kila kilichofaulu, kuanzia majivu mpaka udongo wa Lowe, kilikuwa kikavu, kilegevu na chepesi kuparuliwa. Hata udongo unaoganda madonge ukilowa, uliobuniwa na mwanakemia Thomas Nelson katika miaka ya 1980 ili kurahisisha usafi, ulitumia chembe ndogo zaidi, na majaribio ya baadaye yalionyesha paka wengi huzipendelea chembe ndogo kuliko kubwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba paka wa nje huacha kinyesi wazi mara nyingine, hasa pembezoni mwa eneo lake. Ni kweli. Lakini hilo linathibitisha kwamba mahali pana maana kwake, na ndiyo sababu beseni lililowekwa kando ya chakula au penye kelele hususwa hata likiwa safi.

Kwa paka aliyezoea bustani, basi, kinachofaa ni beseni pana, lisilo na kifuniko wala manukato, lenye udongo ule ule aliokuwa akiuchimba, kisha uchanganywe na mchanga wa dukani unaoongezwa kidogo kidogo. Kumpiga au kumsugua pua kwenye uchafu kunamfundisha kujificha tu. Ipo hatari ya kweli hapa: udongo wa nje unaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, ambavyo hudumu ardhini hata zaidi ya mwaka. Kwa hiyo utumike kiasi kidogo, kwa siku chache, na ushikwe kwa glavu. Kinyesi kiondolewe kila siku, kwa sababu vimelea vilivyomo huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, na mama mjamzito aiachie kazi hiyo mtu mwingine.