Kwa nini Eastlands yote inaoga na instanti

Wasee, mtu akitafuta keja siku hizi anauliza, "Kuna instanti?" Hakuna mtu huuliza kama kuna hita ya tangi. Wengi hudhani ni juu instanti ndiyo teknolojia mpya. Zii. Hii ni stori ya nani alijenga nyumba na nani analipa stima.

Anza na Shauri Moyo na Bahati. Mkoloni alijenga akiwaza mfanyakazi Mwafrika ni mwanaume peke yake, bibi ako ushago. Bafu ilikuwa ya pamoja. Ukitaka maji moto, unachemsha na sufuria kwa jiko la makaa, unabeba na karai. Uhuru ulikuja 1963, bafu ikabaki palepale.

Buruburu ndiyo ilibadilisha mambo. Ujenzi ulianza 1973 na pesa za Commonwealth Development Corporation ya Uingereza, nyumba zikauzwa kwa mkopo, bafu iko ndani. Mwenye nyumba yake anaweza kuwaza tangi, kwa sababu atakaa nalo miaka mingi. Kampuni ya stima hata ilikuwa na bei ya chini ya hita za tangi, saa ambazo stima haitumiki sana. Maji yanachemka usiku, asubuhi unaoga. Instanti haiwezi hiyo, yenyewe inakula stima ukiwa umesimama chini yake.

Lakini wengi wetu ni wapangaji. Umoja na Kayole zilipojaa maghorofa ya kukodisha, landilodi alipiga hesabu yake. Tangi ni ghali na linataka mabomba yake. Instanti unafunga pale maji yanatokea, waya, swichi, imeisha. Lorenzetti ya Brazil ilishika hadi watu wakaita instanti yoyote jina hilo. Na tokeni ananunua mpangaji.

Ukikaa bedsita peke yako, hiyo si mbaya. Instanti ya wati 5,500 kwa dakika 10 haifiki uniti moja. Tangi la lita 50, kutoa maji kwa digrii 20 hadi 55, ni kama uniti 2, uoge peke yako ama muwe watatu. Shida ni waya. Wati 5,500 kwa mpigo kwa waya mwembamba, bila ethi, na wewe umelowa? Halafu maji ya kisima cha chumvi yanataka instanti yake, ile ya kawaida inaungua haraka.

2012 kukatoka sheria: jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lifunge sola, na yaliyokuwepo yakapewa miaka 5. Sasa panda juu ya ghorofa lolote Kayole uangalie. Matangi meusi ya maji baridi, safu kwa safu. Sola angelipa landilodi, na tokeni ungeokoa wewe. Unadhani angefunga?

Ukienda kuona keja wikendi hii, usiwashe tu instanti ukaguse maji. Uliza fundi alipitisha ethi wapi.