Kidonge cha Kila Siku: Matumizi Salama ya Dawa za Kufubaza VVU

Kwaresima inapokaribia, swali moja huwafikia maparoko na makatekista kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya watu wengine kuondoka: je, mwamini anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI akimeza kidonge chake alfajiri, amevunja mfungo? Tunaanza na jibu kwa kuwa wapo wanaolisubiri: hapana, hajavunja.

Kanuni ya 919 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inamtaka anayejiandaa kupokea Ekaristi Takatifu ajizuie na chakula na kinywaji kwa muda wa saa moja kabla ya Komunyo, lakini inaacha nje maji na dawa. Kanuni hiyohiyo inawaruhusu wazee, wagonjwa na wale wanaowahudumia kukomunika hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Kuhusu Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, sheria ya kufunga inawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapouanza mwaka wao wa 60, na kumeza dawa kwa maji si kula. Mtu aliyedhoofishwa na ugonjwa halazimiki kufunga kabisa. Yule anayeendelea vizuri na tiba, mwenye nguvu zake na kazi zake, anaweza kufunga pamoja na wenzake, mradi kidonge chake akimeze kwa saa yake.

Kidonge chenyewe

Watu wazima wengi wanaotibiwa katika kliniki za tiba na matunzo nchini Tanzania, zile tunazoziita CTC, hupewa kidonge kinachojulikana kwa kifupi kama TLD. Ndani yake zimo dawa tatu: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Mbili za kwanza hukizuia kimeng'enya ambacho virusi hukitumia kunakili vinasaba vyake. Ya tatu huzuia hatua inayofuata, ile ya kuvipandikiza vinasaba hivyo ndani ya chembe hai ya mwili.

Kwa nini ziwe tatu? Virusi hivi hujinakili kwa kasi na kwa makosa mengi, na katika makosa hayo huzaliwa aina isiyoguswa na dawa fulani. Lamivudini ikiachwa peke yake hushindwa upesi, kwani badiliko moja tu la kinasaba hutosha kuvipa virusi usugu dhidi yake. Zikishambulia tatu kwa pamoja, ni vigumu sana kwa virusi kupata mabadiliko yote yanayohitajika kwa wakati mmoja. Zidovudini, dawa ya kwanza iliyoidhinishwa mwaka 1987, ilitolewa peke yake na nafuu yake haikudumu. Ni tangu mwaka 1996, mchanganyiko wa dawa tatu ulipoanza kutumika, ndipo watu waliokuwa wakisubiri kifo walipoanza kuinuka vitandani. Hapa Tanzania serikali ilianza kutoa tiba hii bila malipo mwaka 2004, na hospitali za Kanisa, kama Bugando mjini Mwanza na Peramiho mkoani Ruvuma, zimeshiriki kuitoa.

Kutokana na maelezo hayo, msomaji ataona kwa nini tunasisitiza jambo ambalo katika familia nyingi huonekana kuwa ni upendo. Mke amepima na kuanza dawa. Mume ameona haya kwenda kliniki. Basi mke anamgawia mumewe vidonge vyake. Chupa ya siku 30 inaisha kwa siku 15, kisha wote wawili wanabaki bila dawa hadi tarehe ya kurudi. Tena mume huyo hajapimwa figo, wala kifua kikuu, wala homa ya ini. Virusi vinavyoishi katikati ya dawa inayokuja na kuondoka ndivyo hasa vinavyojifunza kuishinda. Mume aende apimwe, apewe chupa yake. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya majibu yake, na hakuna anayelazimika kuitangaza hali yake mbele ya Jumuiya Ndogo Ndogo wala mbele ya baraza la walei.

Saa ya kumeza, chakula na pombe

Chagua saa moja na uishike. Anayemeza saa 3 usiku na kukumbuka asubuhi ya pili kwamba alisahau, ameze mara moja, kisha usiku huo ameze tena saa 3 kama kawaida. Akikumbuka jioni wakati zimebaki chini ya saa 4 kabla ya kidonge kinachofuata, asubiri tu saa yake. Asimeze viwili kwa pamoja ili kufidia.

TLD humezwa pamoja na chakula au bila chakula. Tunalirudia hili kwa kuwa wapo wanaoacha dawa siku ambayo jikoni hapakuwaka moto, wakidhani kidonge kitawadhuru tumbo likiwa tupu. Hata siku ya njaa, dawa imezwe. Vivyo hivyo kwa aliyekunywa pombe: wengine huruka dawa kwa kuogopa kuvichanganya viwili hivyo. Ulevi una madhara yake, na la kwanza kwa mgonjwa huyu ni usahaulifu, lakini kuruka dawa kwa sababu ya chupa mbili za bia ni kuongeza dhara juu ya dhara.

Dawa nyingine ndani ya nyumba

Hapa ndipo makosa mengi hutokea bila mtu kujua. Dolutegraviri hushikamana tumboni na madini kama vile chuma, kalisi, magnesi, alumini na zinki, na ikishikamana nayo haiingii vizuri mwilini. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu huguswa moja kwa moja na jambo hili, maana vidonge hivyo ni madini ya chuma. Akila chakula, anaweza kumeza TLD na kidonge cha damu kwa pamoja wakati wa mlo huo. Asipokula, TLD itangulie kwa saa 2, au ifuate saa 6 baada ya kidonge cha damu. Utaratibu huo ni sawa kwa vidonge vya kalisi. Lakini dawa za kutuliza kiungulia zenye magnesi au alumini, zile za kutafuna au za maji meupe zinazouzwa katika kila duka la dawa, hazichanganywi na TLD hata kwenye mlo: saa 2 baada ya TLD au saa 6 kabla yake.

Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini huhitaji dolutegraviri mara mbili kwa siku, yaani nyongeza ya kidonge cha miligramu 50 saa 12 baada ya TLD, kwa sababu rifampisini huiharakisha kutoka mwilini. Nyongeza hiyo huendelea kwa wiki 2 baada ya dawa za kifua kikuu kumalizika. Anayetumia metformini kwa ajili ya kisukari amweleze mhudumu, kwani dolutegraviri huongeza metformini katika damu na kwa kawaida dozi yake haipaswi kupita miligramu 1000 kwa siku. Dawa za kifafa, hasa kabamazepini, fenitoini na fenobabitali, hupunguza nguvu ya dolutegraviri. Diklofenaki na ibuprofeni, zikitumiwa kwa muda mrefu kwa maumivu ya mgongo au magoti, huzielemea figo ambazo tayari zinahitaji uangalizi kwa sababu ya tenofoviri. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli katika kipimo chake inafaa zaidi.

Kuhusu dawa za mitishamba, wengine hutuuliza kana kwamba tunazichukia. Sivyo. Ila unga usiojulikana kilichomo hauwezi kupimwa pamoja na dawa nyingine. Uupeleke kliniki, uuonyeshe, useme unautumia.

Maombi na tiba

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na baadhi ya waliokuwa wakiishi na VVU waliacha dawa zao waliporudi. Tunalitaja kwa kuwa jambo lenyewe halikuisha mwaka ule. Hadi leo wapo wanaoambiwa katika mikutano ya maombi kwamba kuendelea kumeza ni dalili ya kukosa imani. Kanisa halijafundisha hivyo. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinamweka mganga na dawa katika mpango wa Mungu mwenyewe, na katika sura hiyohiyo kinamwagiza mgonjwa asali. Katekisimu, namba 2288, inauhesabu uhai na afya ya mwili kuwa ni zawadi tulizokabidhiwa tuzitunze. Anayepokea Mpako wa Wagonjwa asubuhi humeza kidonge chake usiku, na padre aliyempaka mafuta ndiye wa kwanza kumkumbusha.

Mtu anayeamini kwamba amepona anaweza kuomba kipimo cha wingi wa virusi. Lakini alielewe jibu. Kipimo kikisema virusi havionekani, maana yake dawa inafanya kazi: hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa, na kinga yake inajengeka. Virusi bado vimejificha ndani ya chembe za mwili, na dawa ikiachwa hurudi kwa kawaida ndani ya wiki chache. Kama ana pia homa ya ini aina ya B, hatari ni mara mbili, kwa sababu tenofoviri na lamivudini huizuia nayo. Zikikatwa ghafla, ini linaweza kushambuliwa vikali. Virusi vikizidi nakala 1000 kwa mililita, mgonjwa hupewa ushauri wa karibu zaidi wa ufuasi wa dawa kisha hupimwa tena. Hapo ndipo ukweli unapohitajika. Mhudumu akiuliza umeruka siku ngapi, mtajie idadi kamili.

Dalili za kuangalia

Wiki za kwanza huweza kuleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu au kukosa usingizi. Anayekosa usingizi ahamishie kidonge asubuhi. Wengine huongezeka uzito. Homa au kikohozi kipya katika miezi ya kwanza kisidharauliwe, maana kinga inapoamka huweza kukifichua kifua kikuu kilichokuwa kimejificha. Macho ya manjano, uvimbe wa uso, au vipele pamoja na homa ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Kwa watoto wanaotumia abakaviri, vipele pamoja na homa, kutapika au kukohoa vitazamwe na daktari mara moja, na daktari akiisimamisha dawa hiyo kwa sababu ya mzio, isirudiwe kamwe. Dozi ya mtoto hufuata uzito wake, hivyo apelekwe apimwe kila tarehe, hata kama anaonekana mzima.

Chupa na safari

Vidonge vikae katika chupa yake, pamoja na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, mahali pakavu pasipopigwa na jua. Tunajua kwa nini wengi huvihamishia kwenye karatasi: chupa hulia kama kayamba ndani ya mkoba, na mtu huona kanisa zima limesikia. Pamba safi ikijazwa juu ya vidonge humaliza kelele hiyo.

Wanaokwenda hija Namugongo kwa ajili ya tarehe 3 Juni wachukue vidonge vya siku zote za safari na vya wiki moja zaidi, wavibebe katika mfuko wa mkononi, si katika mizigo inayopandishwa juu ya basi, pamoja na kadi ya kliniki. Saa ya Uganda ni sawa na yetu, basi saa 3 usiku ya nyumbani ni saa 3 usiku ya mkesha. Tarehe ya kliniki ikiangukia ndani ya hija, mwombe mhudumu akupe dawa kabla ya kuondoka. Kwa aliye imara katika tiba, mara nyingi huweza kutolewa za miezi 3 au 6 kwa pamoja.