DAFTARI LA MALI: UGANDA NA RUMONGE BAADA YA 1972



Kiwanja cha kiwanda hapa Bujumbura kina namba yake katika daftari la hati za ardhi, desturi tuliyoirithi kutoka utawala wa Wabelgiji. Shamba la michikichi kule Rumonge kwa kawaida halikuandikwa popote. Mipaka yake ilikaa vichwani mwa majirani. Uzito wa tofauti hiyo ulidhihirika baada ya 1972, mwaka ulioacha mali nyingi bila wenyewe katika nchi mbili za ukanda huu.

Nchini Uganda, mwezi Agosti mwaka huo, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Serikali iliunda bodi ya kutunza mali zilizoachwa na kuziorodhesha. Lakini ugawaji uliitangulia orodha. Na hapa tuseme wazi, kwa kuwa tunazungumza na watu wenye silaha: maofisa wa jeshi walikuwamo miongoni mwa wagawaji na miongoni mwa wagawiwa. Raia waliwaita matajiri hao wapya “mafuta mingi”. Kiwanda cha sukari cha Kakira, mali ya ukoo wa Madhvani, kilizorota vibaya.

Hata hivyo, madaftari ya hati yalibaki, na majina ya kale yakasomeka. Sheria ya 1982 ilipobatilisha mauzo na uhamisho wote wa mali hizo, mwenyewe aliweza kurudi na ushahidi mkononi. Wengi walirejeshewa katika miaka ya 1990.

Sisi hatukuwa na bahati hiyo. Waliokimbia mauaji ya 1972 waliacha mashamba yasiyo na hati, na mengi wakapewa wengine. Aliyepewa na wakuu wa serikali hakujiona mwizi. Alilima, akazaa, akazika wazazi wake pale pale. Tena sheria ya ardhi ya 1986 ilimpa haki aliyekaa miaka 30, nayo ilitimia mwaka 2002, wakati wakimbizi wakianza kurudi kwa ahadi za Mkataba wa Arusha wa 2000.

Tume ya ardhi na mali nyingine iliundwa 2006. Ilipoamua, polisi ndio waliokwenda kusimama baina ya familia mbili, kila moja ikionyesha mti wake wa mpaka. Cheti cha ardhi kinachotolewa na tarafa kilitambuliwa na sheria mwaka 2011, miaka 39 baada ya watu kukimbia.