Unasihi, Si Ushauri Nasaha

Katika shule za upili za Nyeri, Karatina na Othaya, na vivyo hivyo katika zahanati na ofisi za machifu kuuzunguka Mlima Kenya, kazi ya kumsikiliza kwa faragha mtu aliyelemewa, na kumsaidia apambanue mwenyewe njia ya kutoka, huitwa ushauri nasaha, jina linalotajwa kwa mazoea ilhali limeunganisha maneno mawili yenye maana zinazokaribiana, la kwanza likiiharibu kazi ya la pili. Istilahi inayofaa ni unasihi, iliyoundwa kutokana na kitenzi nasihi, ambayo humpa mtoaji wa huduma jina la mnasihi na mpokeaji jina la mnasihiwa, bila kuazima neno la pili.

Shauri limetokana na mzizi wa Kiarabu uliozaa pia shura, yaani mashauriano ya watu wenye rai, na wanaleksikografia wa kale wa lugha hiyo waliuhusisha mzizi huo na kurina asali mzingani. Nasaha nayo ina mzizi wa usafi wa nia, ambao wanaleksikografia hao waliueleza kwa asali isiyo na takataka na pia kwa kazi ya mshonaji aungaye nguo iliyochanika. Hata hivyo neno huishi kwa matumizi kuliko asili yake, na humo ndimo shauri lilimojiharibia jina: Kiswahili kimelitwisha maana ya kesi, kiasi kwamba mabaraza ya maofisa wa kikoloni yalikuwa ya kusikiliza mashauri, kimelipa maana ya uamuzi katika kukata shauri, na kimelifanya neno la kumtelekeza mtu, kwani aambiwaye "shauri yako" ameachwa peke yake na balaa lake. Neno lenye kumbukumbu za hakimu na za kutelekezwa haliwezi kutangulia mlangoni mwa chumba ambacho kijana aliyevunja sheria anatakiwa kuingia bila hofu. Mzungumzaji wa Kigikuyu, ambaye kitenzi kimoja tu humpa mũtaarani kwa mtoaji nasaha na mataaro kwa nasaha zenyewe, hakuona haja ya kulirudia wazo hilo kwa maneno mawili.

Kosa hili la jina lina gharama. Baada ya wasichana 19 kufa katika Shule ya St. Kizito huko Tigania, Meru, mnamo Julai 1991, na viranja wanne kuteketezwa na wanafunzi wenzao katika Shule ya Upili ya Nyeri mwaka 1999, na baada ya viboko kupigwa marufuku mwaka 2001, huduma hii ndiyo iliyotarajiwa kushika mahali pa fimbo. Lakini mwalimu aliyekabidhiwa ushauri mara nyingi ndiye pia mwenye kutia adabu, naye mwanafunzi huitwa kwake kama mshtakiwa aitwaye barazani, akihutubiwa badala ya kusikilizwa, kisha akaondoka na siri ile ile aliyoingia nayo.

Nyumbani hatari huzidi, hasa katika Kaunti ya Nyeri, ambayo masimulizi ya waume wanaopigwa na wake zao yameigeuza kichekesho cha taifa, hata mume aliyejeruhiwa akaona haya kwenda polisi na mke aliyejeruhiwa akaonekana kama hayupo. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inamlinda mke na mume sawia, lakini kwa kuwa shauri humaanisha pia kesi ya kuamuliwa, wazee huwaketisha mpigaji na mpigwaji kwenye benchi moja, wakaita upatanisho huo ushauri nasaha, na aliyeumizwa akarudishwa usiku huohuo penye hatari. Unasihi humsikiliza kila mmoja peke yake, na hutanguliza usalama wake kabla ya suluhu.

Wapo waliolikataa neno unasihi kwa hoja kwamba wazazi wa Kieni na Mukurweini hawalijui, wakasahau kwamba ushauri nasaha wenyewe ulienea pia kwa vipeperushi vya upimaji wa virusi vya ukimwi, na kwamba neno hufahamika kwa kutumiwa. Kulihukumu geni huku wakilizuia lisitumiwe ni kulinyima haki, na mwenye kuipenda lugha hii hawezi kulinyamazia jambo hilo. Wengine waliopendekeza neno mwongozo wamezidisha kosa, kwa kuwa kiongozi hutangulia, ilhali mnasihi huenda sambamba na mnasihiwa. Hata kada ya wanasihi, ambayo mafunzo na usajili wake vinasimamiwa na sheria ya mwaka 2014, ingali ikiitwa kwa jina lisiloitofautisha na mshauri wa biashara.

Katika matumizi, basi, iandikwe idara ya unasihi, mnasihi wa shule na kikao cha unasihi. Nidhamu ibaki kwa naibu wa mwalimu mkuu, na upatanisho kwa wazee.