Moshi Laini Ulianza na Mtumwa Aliyeshikwa na Usingizi

Wasee, kila mtaa uko na profesa wake wa ngwai. Atakwambia ile iliyokaushwa pole pole kivulini haikwaruzi koo, lakini ile ya kuanikwa juani mbio mbio, ama kushindiliwa kama tofali ikiwa bado mbichi, itakukohoza mpaka majirani waamke. Na hapo hajadanganya sana. Jani likikauka taratibu, ile kijani yake na sukari huzidi kuvunjika. Likifungwa na maji ndani, linaota ukungu. Malawi hata wanaifunga kwa maganda ya mahindi, inatoka imeshikana kama gunzi.

Shida ni pale profesa anaongeza, "Na juu ni laini, haina madhara." Hapo wacha nikurudishe nyuma. Nitatumia tumbaku, kwa sababu historia yake imeandikwa vizuri.

Mwaka ni 1839, kaunti ya Caswell, North Carolina, Marekani. Kijana mmoja mtumwa, Stephen, mali ya mkulima Abisha Slade, analinda moto usiku kwa banda la kukaushia tumbaku. Usingizi unamshinda. Kuamka, moto karibu uzime. Anakimbilia makaa ya kazi ya uhunzi, anayarusha ndani. Joto linapanda ghafla, na majani yanatoka manjano yaking'aa, si kahawia. Hivyo ndivyo alivyokuja kusimulia mwenyewe. Slade akaigeuza mbinu, akaifundisha wakulima wengine, pesa ikaingia. Stephen aliendelea kuwa mali ya mtu. (Hiyo peke yake ni post nzima, manze.)

Sasa shika hii. Joto lile lilifanya sukari ibaki kwa jani, na jani la sukari likichomwa moshi wake una asidi zaidi, so hauchomi koo. Tumbaku ya kiko na sigara kubwa za zamani ilikuwa kali. Watu waliushikilia moshi mdomoni na nikotini ikapitia hapo hapo. Huu mpya ulishuka mpaka mapafuni bila kuuliza. Halafu 1881 James Bonsack akapata hataza ya mashine ya kusokota sigara, James Duke akaichukua, na jani la manjano likapata kiwanda. Saratani ya mapafu, ambayo madaktari waliiona kwa nadra sana, ikaanza kujaza wodi. Ilibidi tungoje mpaka 1950 ndio Richard Doll na Austin Bradford Hill waonyeshe, kule London, vile inahusiana na sigara.

Mbinu hiyo iko hadi hapa kwetu. Uliza watu wa Migori miti mingapi imeingia kwa moto wa tumbaku.

Sisemi ngwai ni tumbaku. Haina nikotini, na bado ni haramu Kenya, so msinitag na karao. Lakini lami na kaboni monoksaidi hazitoki kwa vile ulikausha. Zinatoka kwa kuchoma. Uianike kivulini mwezi mzima, ukiwasha kiberiti zinazaliwa palepale. Tofauti ni kwamba koo, ambalo lingekukohoza na kukwambia toa, sasa limenyamaza, na wewe unavuta ndani zaidi na kushikilia.

Profesa wa mtaa wenu akibisha, mtag hapa chini.