Jeni za Dopamini: Kutoka Buffalo hadi Marsabit

Machi 1997 gazeti la The Buffalo News lilichapisha tangazo lililowaomba wasomaji wajitolee kutoa damu kwa uchunguzi wa urithi katika Taasisi ya Saratani ya Roswell Park, mjini Buffalo. Kutokana na damu ya mmoja wao, mwanamume asiyetajwa jina, maabara ya Pieter de Jong ilitengeneza hazina ya vipande vya DNA iliyopewa alama ya RP11, ambayo ilichangia karibu asilimia 70 ya ramani ya marejeo ya jeni za binadamu, yaani mfuatano ambao jeni za watu wengine hulinganishwa nao.

Miongoni mwa jeni zinazolinganishwa hivyo, zile zinazohusu dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo na kuhusika katika kutarajia malipo, ziliwavutia hata wachumi. Mwaka 2014 watafiti wa Berkeley na wenzao wa Singapore walieleza kwamba, katika mchezo wa kushindania zawadi, jeni zinazoratibu dopamini sehemu ya mbele ya ubongo zilihusiana na kukisia hatua ya mpinzani, ilhali zile za striatamu, eneo la ndani ya ubongo, zilihusiana na kujifunza kwa kupata na kukosa.

Hata hivyo mchezo wa maabara hauna ukame, na kwa sababu hiyo ushahidi wa Waariaal wa kaskazini mwa Kenya una uzito wa pekee. Wafugaji hawa, walio kati ya Wasamburu na Warendille kwa nasaba na lugha, kwa muda mrefu wamegawa hatari kwa kufuga ngamia wanaostahimili kiu pamoja na ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kwa kuhamisha kambi kufuata malisho. Ukame wa miaka ya 1970 na iliyofuata uliwasukuma baadhi yao kukaa na kulima karibu na Mlima Marsabit. Mwaka 2008 Dan Eisenberg na wenzake walichunguza wanaume wa makundi yote mawili kwa kuangalia jeni ya DRD4, inayounda kipokezi cha dopamini, hasa aina yake ambamo kipande kifupi hurudiwa mara 7. Miongoni mwa wahamaji, wenye aina hiyo walikuwa na miili iliyoshiba zaidi. Miongoni mwa waliokwisha kukaa, aina ileile iliambatana na ukondefu.