Walinzi wa Safari za Angani

Mwanafunzi wa Sirisia akiinua macho siku ya anga safi huweza kuona ndege ikipita juu sana, ndogo kama mbayuwayu. Huenda akadhani kwamba usalama wa chombo kile umo mikononi mwa rubani peke yake. La, sivyo. Kabla ndege haijaondoka ardhini, watu wengi huwa wamekwisha kuilinda. Na kanuni nyingi wanazozifuata zilitokana na misiba.

Tarehe 7 Desemba 1944, wajumbe wa mataifa mengi walitia sahihi mkataba wa usafiri wa anga mjini Chicago, Marekani. Kutokana na mkataba huo lilizaliwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo makao yake yako Montreal, Kanada. Baadaye maharamia walianza kuteka ndege mara kwa mara. Kwa hiyo, mwaka 1974, shirika hilo liliweka kanuni maalumu za kuwakinga abiria.

Lakini kanuni kuandikwa ni jambo moja, na kufuatwa ni jingine. Tarehe 27 Juni 1976, ndege ya Ufaransa iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris ilitua Athens. Hapo walipanda watu wanne wenye silaha, wala hakuna aliyewagundua. Wakaiteka ndege, wakaipeleka Benghazi, kisha Entebbe, nchini Uganda, jirani zetu. Mateka walikaa katika hofu kwa juma zima, hata askari wa Israeli walipowaokoa usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai. Hata hivyo mateka watatu walikufa katika mapambano, na bibi mzee mmoja, Dora Bloch, aliyekuwa amelazwa hospitalini Kampala, aliuawa baadaye na watu wa serikali ya Idi Amin. Tazama basi: uzembe wa mlango mmoja wa Ulaya ulileta kilio Afrika Mashariki.

Hatari ya pili ilitokea ndani ya ndege yenyewe. Tarehe 29 Desemba 2000, ndege ya Uingereza ilikuwa ikija Nairobi na watu karibu 400. Abiria mmoja aliyechafukwa na akili aliingia chumba cha marubani, akaushika usukani, na ndege ikaporomoka angani. Marubani, wakisaidiwa na abiria, walimshinda nguvu wakaiokoa. Mwaka uliofuata, baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba huko Marekani, mataifa yaliagiza milango ya vyumba vya marubani iimarishwe na kufungwa.

Hatari ya tatu ilitoka nje ya ua. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002, makombora mawili yalirushwa kuielekea ndege ya Israeli iliyokuwa ikipaa kutoka Mombasa. Kwa bahati njema yalikosa shabaha. Lakini asubuhi iyo hiyo hoteli moja ya Kikambala ililipuliwa, na watu 13 wakauawa, wengi wao Wakenya. Mwezi Mei 2003, Uingereza ilizuia kwa muda ndege za mashirika yake zisije Kenya, na utalii wetu ukaumia.

Leo kazi hii imegawanywa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga hutunga kanuni na kukagua kama zinafuatwa. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege husimamia viwanja, milango yake na upekuzi wa abiria na mizigo. Polisi hulinda, nao maofisa wa uhamiaji huchunguza pasipoti. Kila mmoja humtegemea mwenzake, maana mwizi hupita palipo na ufa. Matunda ya bidii hiyo yalionekana tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Kenya ilipoanza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Wamarekani hawakuiruhusu mpaka waliporidhika na ulinzi wetu.

Basi, ewe msomaji, siku utakaposafiri kutoka Eldoret au Nairobi, ukaambiwa uvue mshipi na kufungua mkoba, usinung'unike. Na ukijaliwa kuwa wewe ndiwe mpekuzi, usimpitishe mtu kwa sababu ni ndugu, au mkubwa, au kwa sababu umechoka. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Angani hakuna nafasi ya kujenga ukuta. Ufa huzibwa hapa chini.